Mimweko ya gama: mbona idadi ya mifupi inabadilika kila nikibadilisha setilaiti?

MwalimuNgomeni aliandika:

Wakuu, habari za usiku. Mniwie radhi kwa urefu, lakini jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumapili na hapa mtaani sina wa kumuuliza.

Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia, sekondari, Pwani ya Kenya. Nimezaliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wasiopajua, ndipo yalipo majukwaa ya San Marco ya Wataliano, machuma yamesimama baharini kwa miguu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka pale ikapewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksi ya angani. Marehemu babu alikuwa akiisimulia kana kwamba kamba aliishika yeye. Kwa hiyo mambo haya nimekuwa nayo tangu utoto, ila kuyasomea rasmi ndio sikujaliwa.

Mwezi huu ninafundisha takwimu. Nimechoka na "uzito wa magunia 40 ya mahindi", nikasema safari hii watoto wapate data ya kweli. Nikashusha katalogi ya mimweko ya gama (miale ya gama inayowaka ghafla angani kisha ikazimika) ya setilaiti ya Fermi (ni bure, yeyote anaichukua), nikaimwaga kwenye Excel. Safu ninayoishughulikia ni T90, yaani muda wa mmweko kwa sekunde. Kila ninachosoma kinasema mimweko ni ya aina mbili: mifupi, chini ya sekunde 2, inayotokana na nyota mbili za nutroni (masalia madogo, mazito mno ya nyota zilizokufa) kugongana, na mirefu, zaidi ya sekunde 2, inayotokana na nyota kubwa kufa na kiini chake kuporomoka.

Sasa nikachora histogramu nione hivyo vilima viwili. Hakuna! Nguzo ya kwanza ndefu kama mnazi, zinazofuata zinashuka, halafu mkia mrefu hadi mamia ya sekunde. Kilima ni kimoja tu, tena nusu.

Nikasema basi, angalau nihesabu. Nikaandika fomula: T90 chini ya 2 iitwe FUPI, iliyobaki iitwe NDEFU. Kwa Fermi, mifupi inatoka karibu moja kwa sita. Nikajaribu katalogi ya setilaiti nyingine, Swift, ikatoka kama moja kwa kumi. Nikarudi kusoma habari za BATSE, kile chombo cha miaka ya tisini, huko wanasema karibu robo. Jamani, anga si ni moja? Nimekagua fomula mara tatu.

Na kabla sijajikwamua, binti mmoja wa dawati la mbele akainua mkono: "Mwalimu, sasa mmweko wa sekunde 1.9 na wa sekunde 2.1 zina tofauti gani?" Nikamwambia tutalijibu kipindi kijacho. Walimu wenzangu mnajua maana ya sentensi hiyo. Kipindi kijacho ni Alhamisi.

---

karabai_musoma alijibu:

Mwalimu, la vilima ni dogo, usiumie. Umechora sekunde zenyewe. Chora logi ya sekunde.

Angalia nguzo yako ya kwanza. Kama umeigawa kumi kumi, basi kutoka 0 hadi 10 umewasukuma ndani ya chumba kimoja mmweko wa sekunde 0.05, wa sekunde 1 na wa sekunde 9. Huyu wa mwisho ni mara 180 ya yule wa kwanza, na wewe umewahesabu kuwa majirani. Wakati huo huo wa sekunde 41 na wa sekunde 52, ambao karibu ni ndugu, umewapa vyumba tofauti.

Weka safu mpya ya logi ya T90 kwa kizio cha 10. Anza -2, ishia 3, hatua ya 0.25. Utapata mafungu 20. Kilima kikubwa kitakaa kwenye makumi ya sekunde, kidogo kitatokea kushoto, chini ya sekunde moja. Hivyo ndivyo ilivyochorwa mwaka 1993 kwa mimweko 222 ya BATSE, na hiyo sekunde 2 ni pale bondeni kati ya vilima. Aliyeongoza kazi ile ni mama mmoja Mgiriki, Chryssa Kouveliotou.

La robo, sita na kumi namwachia anayelijua. Nina wazo lakini sitaki kukupeleka chaka.

---

Kiroboto77 alijibu:

Mimi napita tu. Swali la mtu wa kawaida: hivi vitu vinaweza kutuua? Maana nasoma hapa "nyota kubwa kufa" na mmetulia tuli mnajadili Excel.

---

BintiMkoani alijibu:

Asalaam aleikum mwalimu, na wengine wote. Kiroboto, subiri foleni, kaka.

Mimi ni wa Mkoani, Pemba. Niko Ujerumani mwaka wa tano sasa na data ya Fermi ndiyo inayonilisha. Tunapokezana zamu: mmweko ukitokea, simu inalia, unaamka, unakagua kama ni mmweko kweli au ni jua limepiga chafya. Mama alikuja kunitembelea, simu ikalia saa tisa usiku, nikakurupuka. Asubuhi akaniuliza kwa upole ni nani huyo anayenipigia saa zile. Nimemweleza mara nne. Sidhani kaamini.

Mwalimu, fomula yako haina kosa. Kilichokupotosha ni kudhani T90 ni urefu wa mmweko. Ni urefu wa kile kilichoonekana na chombo kile.

Inapimwa hivi. Kitambuzi kinahesabu fotoni (chembe za mwanga) muda wote, hata pasipo mmweko, kwa sababu anga ya juu ina miale yake ya kawaida. Hiyo unaitoa kwanza. Zilizobaki unazijumlisha tangu mwanzo. Tuseme jumla ni fotoni 1,000. Saa unaianzisha fotoni ya 50 inapoingia, unaisimamisha ya 950 inapoingia. Asilimia tano za mwanzo na tano za mwisho unaziacha, kwa sababu pale ndipo mmweko unapozama katika miale ya kawaida na hujui kipi ni kipi. Asilimia 90 iliyobaki katikati ndiyo hiyo T90.

Wewe ni mtu wa Ngomeni, miamba unaijua. Maji yakipwa unaona mwamba mrefu, unatembea juu yake unaokota kombe. Maji yakijaa unaona ncha tu, na mgeni aliyefika saa hiyo atakuambia ni jiwe dogo. Mmweko una kilele kikali na mkia hafifu. Ukiwa mbali sana, au kitambuzi chako kikiwa na kelele nyingi, mkia unazama, unabaki na ncha. Mmweko mrefu unaandikwa mfupi, na aliyeuandika hakudanganya.

Hapo bado hatujagusa rangi ya miale. Mimweko mifupi kwa kawaida ni mikali zaidi, fotoni zake zina nishati kubwa. Hilo nalo lilionekana katika kazi ile ile ya 1993, na ndilo lililotupa imani kwamba vilima viwili si ajali ya kuchora. Sasa linganisha vyombo vyako vitatu. BATSE ilikuwa ikipiga kengele kwa miale ya kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya fotoni) 50 hadi 300. Kitambuzi cha Swift kinatazama 15 hadi 150, yaani kimeinamia upande wa miale laini, nayo ni mingi zaidi katika mimweko mirefu. Juu ya hayo, Swift inaweza kutulia, ikakusanya mwanga kwa dakika nzima au zaidi na kutengeneza picha, kisha ndipo iseme "hapa pana kitu". Mmweko mrefu na hafifu unanaswa hivyo. Mmweko wa nusu sekunde haufaidiki chochote na subira hiyo. Kwa hiyo Swift ni chekeche lenye matundu yanayopendelea mirefu: moja kwa kumi. Fermi inasikiliza zaidi katika eneo lile lile la BATSE, lakini vitambuzi vyake ni vidogo kuliko vile vya BATSE, ikaishia katikati.

Hata BATSE iliyokupa robo ilikuwa na chekeche lake. Ilikuwa ikilinganisha hesabu ndani ya vipande vya milisekunde 64, 256 na 1024. Mmweko wa milisekunde 10 ukiingia kwenye kipande cha 64, fotoni zake zinachanganywa na kelele ya hizo 54 nyingine. Mingine ilipita bila kengele kulia. Kwa hiyo ukiniuliza sehemu halisi ya mifupi angani ni ipi, nitakuuliza kwanza unatazama kwa jicho gani.

Na umbali nao una lake. Ulimwengu unatanuka, saa za mbali tunaziona zikienda polepole. Mmweko wa tarehe 23 Aprili 2009 ulitoka mbali sana, mhamo wake wekundu (kiasi mwanga ulivyovutwa na kutanuka kwa ulimwengu) ni 8.2, kwa hiyo muda wake umevutwa mara 9.2. Tuliuona sekunde kama 10. Gawanya. Huko kwao ulidumu sekunde moja na kitu! Fomula yako itauandika NDEFU, na mtu aliyekaa jirani nao angeuandika FUPI. Wapo waliogombana kwa hilo miezi mingi.

Sasa swali la huyo binti wa dawati la mbele, na mpe hongera zangu. Wa 1.9 na wa 2.1 hazina tofauti yoyote unayoweza kuisema kwa muda peke yake. Vilima viwili vimeingiliana miguu. Mmweko wa sekunde 0.2 unaweza kuweka dau ni wa kilima cha kushoto. Wa sekunde 40 unaweza kuweka dau ni wa kulia. Pale bondeni ni kurusha shilingi, na uzito wa shilingi yenyewe unategemea chombo. Kwa Swift kuna waliopiga hesabu wakasema mpaka ushushwe hadi chini ya sekunde moja, la sivyo "mifupi" yako imejaa mirefu iliyojificha.

Hata dau la uhakika huliwa. Mmweko wa 11 Desemba 2021 ulidumu karibu sekunde 50. Kila mtu alitarajia supanova, ule mlipuko mwangavu wa nyota, maana nyota kubwa ikifa huiacha. Badala yake ilionekana kilonova, ule mng'ao wa elementi nzito unaotarajiwa nyota za nutroni zikigongana. Na mmweko wa 26 Agosti 2020 ulidumu kama sekunde moja, ukaacha dalili za nyota kubwa iliyoporomoka. Mrefu mwenye baba wa mifupi, mfupi mwenye baba wa mirefu.

Naenda kulala kabla simu haijalia.

---

MwalimuNgomeni alijibu:

BintiMkoani, wa aleikum salaam. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Ule mfano wa mwamba nitauiba, wanafunzi wangu nusu ni watoto wa wavuvi.

karabai_musoma, nimechora kwa logi. Vimetokea! Kilima kikubwa kiko pale ulipotaja, karibu na sekunde 25 hivi. Cha kushoto kifupi na kipana, kama mtu aliyelala na goti juu. Ila bonde lenyewe si bonde, ni mteremko tu unaotulia kidogo kati ya sekunde 1 na 4. Nikibadilisha hatua kutoka 0.25 kuwa 0.2, mahali pa chini kabisa panasogea. Nimeanza kuamini kwamba ile 2 ilichaguliwa kwa sababu ni namba nzuri.

---

karabai_musoma alijibu:

Si uongo sana. Kwa data waliyokuwa nayo 1993 ilikuwa mahali pa haki pa kukata. Shida ni sisi tuliokuja baadaye tukaigeuza kuwa mpaka wa nchi. Na kupanga mafungu kwa namna mbili tofauti ukaona kinachosogea na kisichosogea, hilo mwalimu lifanye zoezi la kwanza. Vilima vinabaki, bonde linahama.

Wapo pia waliosema vilima ni vitatu, kuna cha kati kimejificha. Hoja hiyo ilianza mwaka 1998 kwa data ya BATSE na bado haijazikwa. Ukiongeza kilima chochote, mchoro utakaa vizuri zaidi, hiyo ni desturi ya michoro. Swali ni kama anga inakihitaji au ni wewe unayekihitaji. Mimi sikiamini, lakini mimi ni mtu wa mitandao ya kompyuta, anga ni ugonjwa wangu wa jioni.

---

Kiroboto77 alijibu:

Bado nimekaa kwenye foleni 😅 na nimepata swali la pili. Mnajuaje kwamba viko mbali hivyo? Mwanga ni mwanga. Kwa nini visiwe hapa hapa kwenye galaksi yetu?

---

karabai_musoma alijibu:

Kiroboto, hapo ndipo ninapopapenda. Miaka zaidi ya ishirini wataalamu wenyewe hawakujua.

Vilionekana kwa bahati. Wamarekani walikuwa na setilaiti za Vela za kuchunguza kama kuna mtu anajaribu bomu la nyuklia kwa siri. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa miale ya gama isiyofanana na bomu lolote. Walikaa nayo. Mwaka 1973 watu wa Los Alamos, maabara ya huko Marekani, wakatangaza mimweko 16 ya namna hiyo, haitoki duniani wala kwenye jua. Basi kila mwenye kalamu akaandika nadharia.

Umbali haukupimika, ikabidi watumie hesabu ya vichwa. Nieleze kwa taa zetu. Nimekulia Musoma, baba alikuwa na mitumbwi ya dagaa. Usiku wa giza ukipanda juu ya jabali unaona karabai zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Chukulia karabai zote zina mwanga sawa na zimesambaa sawasawa. Taa iliyo mbali mara mbili utaiona hafifu mara nne. Na ukienda mbali mara mbili, eneo la maji linakuwa mara nne. Kwa hiyo ukisema "leo nahesabu hata taa hafifu mara nne kuliko za jana", idadi lazima iwe mara nne ya jana. Ikipungua hapo, maana yake macho yako yamefika mahali mitumbwi inapokwisha.

Angani si uso wa maji, ni ujazo. Umbali mara mbili, ujazo mara nane. Mwanga hafifu mara nne, idadi mara nane. BATSE ilirushwa Aprili 1991 ndani ya chombo kilichoitwa Compton, na ndani ya mwaka hesabu ikaonekana: mimweko hafifu ni pungufu. Mitumbwi inakwisha mahali.

Wengi walitarajia hilo, kwa sababu galaksi yetu ina mwisho. Lakini galaksi yetu ni bapa kama chapati, na sisi hatuko katikati yake, tuko kando, miaka ya nuru kama 26,000 kutoka kitovu. Mimweko ingekuwa ya humo, ingejipanga kama mkanda angani na kuelemea upande wa kitovu. Ramani ya BATSE ikatoka kama uwanja wa vumbi baada ya matone ya kwanza ya mvua. Kila upande sawa. Hakuna mkanda, hakuna kuelemea. Kwa hiyo tunaona mwisho wa mitumbwi kila upande, na sisi tuko katikati barabara.

Hapo pakabaki njia mbili. Ama kuna tufe kubwa mno linaloizunguka galaksi yetu, kubwa kiasi kwamba sisi kukaa kando hakuonekani. Ama huo mwisho ni wa ulimwengu wenyewe. Aprili 1995 waliwaweka wanaastronomia jukwaani huko Washington, Donald Lamb akitetea tufe, Bohdan Paczyński akitetea ulimwengu, Martin Rees mwamuzi. Paczyński alikuwa amesimamia hoja hiyo tangu miaka ya themanini, wengi wakimwona ametia chumvi. Siku ile hakuna aliyeshinda waziwazi. BATSE iliendelea hadi 2000, ikafikisha mimweko 2,704, na ramani haikubadilika.

Kuhusu kufa: sitakudanganya kwamba haiwezekani, lakini lala. Ule wa 9 Oktoba 2022 ndio mwangavu kuliko yote iliyowahi kurekodiwa. Ulijaza vitambuzi vya Fermi hadi vikashindwa kuhesabu, na ukatikisa hata tabaka la juu la anga yetu lile linalorudisha mawimbi ya redio. Mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka bilioni 1.9. Wewe siku hiyo ulikunywa chai kama kawaida. Na waliosema unatokea mara moja kwa miaka 10,000 hawakungoja miaka 10,000: walichukua mchoro huo huo wa idadi kwa mwangaza, wakaurefusha upande wa mimweko mikubwa, wakaona huyu amekaa wapi.

---

BintiMkoani alijibu:

karabai, umesimulia vizuri, ila umeishia pale hasa mwalimu anapopaswa kusimama kwa fahari. Mwalimu, unajua mzozo ulikwishaje na wapi?

Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti ya Wataliano na Waholanzi, BeppoSAX, ilinasa mmweko na kisha ikageuka ikauona mwanga hafifu wa eksi ukifuka pale pale, kama kaa la jiko baada ya moto kuzima. Kwa mara ya kwanza mahali halisi pakajulikana kwa usahihi, darubini za kawaida zikaelekezwa. Miezi michache baadaye, mmweko wa 8 Mei ukapimwa mhamo wekundu: angalau 0.835. Ni mabilioni ya miaka ya nuru. Paczyński alikuwa sahihi.

BeppoSAX ilizunguka juu ya ikweta, na ilikuwa ikimwaga data yake mara moja kila mzunguko kwenye kituo kimoja tu ardhini. Kituo hicho kiko Malindi. Data ya 28 Februari ilishukia kwenu kabla ya kwenda Roma. Hata hiyo Swift inayokupa moja kwa kumi, kituo chake kikuu cha ardhini ni hicho hicho.

---

MwalimuNgomeni alijibu:

Subiri. Ile sahani nyeupe?? Mimi 1997 nilikuwa darasa la sita, tunapita pale kwa baiskeli kwenda kwa shangazi. Tulikuwa tunasema ni ya kunasa televisheni ya Italia.

Sina la kuongeza leo.

---

BintiMkoani alijibu:

😂 Basi Alhamisi waanzishie hapo.

Na kabla hujafunga Excel, ina safu ya tarehe. Fermi inanasa mimweko kama 240 kwa mwaka, yaani 0.66 kwa siku. Waulize watoto: kama inakuja ovyo bila kupangana, siku ngapi za mwaka hazitakuwa na mmweko hata mmoja, na siku ngapi zitakuwa na mitatu au zaidi? Wengi watasema mitatu kwa siku haiwezekani. Kwa kanuni ya Poisson, ile ya kuhesabu matukio ya ovyo, inatoka siku kama 189 tupu, na siku 10 au 11 zenye mitatu kwenda juu. Wahesabu kwenye katalogi waone. Nakuhakikishia siku ya mitatu ipo, mimi huwa ndiyo siku yangu ya zamu.

---

MwalimuNgomeni alijibu:

Narudi na habari, wakuu. Leo Alhamisi, nimetoka darasani sasa hivi na chaki bado mkononi.

Nilianza na sahani, nikaenda mwamba na maji, nikawapa makundi ya watu watano watano, kila kundi lichore kwa mafungu ya upana wake. Bonde lilihama kila kundi, kama karabai alivyosema. Yule binti alinitazama tu, akajua amejibiwa.

Halafu nikataka kumaliza kwa kishindo. Niliwaambia kuna mmweko mmoja mashuhuri kuliko yote, wa 17 Agosti 2017, ambao mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga yenyewe vitu vizito vinapogongana) yalitangulia na mmweko ukafuata sekunde 1.7 baadaye, ikathibitika bila ubishi kwamba nyota mbili za nutroni zikigongana hutoa mmweko mfupi. Nikasema, tuutafute kwenye jedwali letu. Kijana mmoja akautafuta, GRB170817529, akasoma kwa sauti.

T90: 2.048.

Na pembeni yake fomula yangu imeandika NDEFU.

Darasa lilicheka hadi mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Nikawaonyesha safu ya kosa la kipimo, karibu nusu sekunde, wakazidi kucheka.

---

BintiMkoani alijibu:

Usiifute hiyo fomula, mwalimu. Iache hivyo hivyo, mwakani uwape wengine waitafute wenyewe. Halafu waongezee safu ya ukali: fotoni za kiloelektronivolti 50 hadi 300 gawanya kwa zile za 10 hadi 50. Mchoro uwe muda kwa ukali, nukta tupu, pasipo mstari wa mpaka. Nikipata nafasi wikendi nitakutumia mfano wa namna ya kuisoma hiyo safu, imeandikwa vibaya kidogo.